Kiingereza cha makala za chuo: maneno yanayokukwamisha sio yale unayodhani

Wiki iliyopita binti mmoja wa Tabora, yuko fomu siksi, kanitumia meseji. Kaanza na shikamoo dada, kanipa hongera ya kumaliza masters, alafu akaingia kwenye shida yake: anasoma CBG (kemia, baiolojia na jiografia), vitabu vya kiada anavimudu vizuri tu, ila akigusa makala yoyote ya kisayansi ya Kiingereza anaelewa nusu na nusu nyingine anabahatisha, na Mei ana mtihani wa taifa na ndoto yake ni kusoma mpaka nje ya nchi. Anauliza Kiingereza cha namna ile nilikipatia wapi. Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu mno, nikaona bora niliweke hapa wasome na wengine, maana swali hili naulizwa sana na najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo.

Kwanza hongera naipokea kwa mikono miwili. Nimemaliza, andiko langu limepita na marekebisho madogo tu, na mmoja wa waliokuwa wananihoji siku ile aliniambia mbele ya wenzake kwamba nimeandika vizuri. Mimi ni mtoto wa Kibirizi, Kigoma, mama yangu anauza dagaa mpaka leo. Nyumbani ni Kiha na Kiswahili, shule ya msingi Kiswahili mwanzo mwisho, Kiingereza cha kufundishiwa nimekutana nacho fomu wan kama watoto wote wa shule za serikali, unaingia darasani unakuta baiolojia imegeuka lugha na hakuna anayekusubiri. Kwaiyo nikisema hii kitu inawezekana siongei kwa kusikia.

Ila njia yenyewe ilianza kwa uchungu na siwezi kuuficha. Mwaka wa kwanza chuoni, chuo sikitaji na mhusika simtaji, lekcha mmoja alirudisha asainmenti zetu zote, yangu akabaki nayo mkononi. Akasoma sentensi yangu kwa sauti mbele ya ukumbi mzima, taratibu, neno kwa neno, alafu akauliza nani anaweza kumtafsiria huyu binti wa mwisho wa reli anataka kusema nini. Ukumbi ukacheka. Nilichokuwa naeleza kilikuwa sahihi kabisa, ni kwa nini ziwa likipata joto dagaa wanapungua, na mwenzangu aliyeandika hoja hiyohiyo kwa Kiingereza cha kunyooka alipata A. Kicheko kile nakisikia mpaka leo. Sikukosa akili. Nilikosa maneno, na maneno hayo toka fomu wan hakuna aliyewahi kukaa akanifundisha, wala mwalimu wa Kiingereza wala mwalimu wa baiolojia, kila mmoja anadhani ni kazi ya mwenzake.

Sasa sikia nilichokuja kugundua, na kama utaondoka na kitu kimoja kwenye makala hii basi kiwe hiki.

Kuna makala maarufu sana kuhusu ziwa letu Tanganyika, ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2003, mwandishi wa kwanza ni Catherine O'Reilly. Inaeleza kwamba hali ya hewa ikiongezeka joto na upepo ukipungua, maji ya juu na maji ya chini hayachanganyiki kama zamani, virutubisho vinabaki kilindini, vijimea vya kijani vinavyoelea juu vinakosa chakula, na mwisho wa yote samaki wanapungua. Na ziwa lenyewe lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, kwaiyo kilichozama huko kikikosa cha kukipandisha ndo kimezama. Mimi hayo nimeishi nayo, nimekua nikisikia wavuvi wanalalamika kwamba ziwa limekuwa zito. Lakini makala yenyewe niliisoma mara ya kwanza nikatoka mikono mitupu. Ziwa langu, samaki wangu, mtu katoka mbali kaandika na mimi siambulii kitu!

Nikachukua kalamu nikaanza kupigia mstari kila neno lililonikwamisha, kwenye hiyo na kwenye nyingine nilizopewa wiki ile. Nilitegemea yatakuwa majina ya kisayansi. Wapi! Stolothrissa tanganicae ni dagaa, nimemwanika toka niko mdogo. Lates stappersii ni mgebuka. "Thermocline", lile tabaka ambapo joto la maji linabadilika ghafla, lekcha aliichora ubaoni na mishale juu, nani ataisahau. Maneno ya fani yanafundishwa, yana michoro, yana maana moja, mwalimu anatumia kipindi kizima kukueleza. Yaliyokuwa na mstari chini ni haya: "whereas", "hence", "subsequent", "attribute", "derive", "constitute", "account for". Hayana mchoro, hayako kwenye silabasi, ukimuuliza mwalimu anakwambia angalia kamusi, na ndo yanayobeba hoja yote. Mimi nayaita maneno ya katikati. Mtu anayejua maneno ya fani bila hayo ana mbao zote za kuundia boti ila msumari hata mmoja hana.

Baadaye ndo nikajua kumbe kuna mtu alishakaa akayahesabu. Averil Coxhead, mtafiti wa chuo kikuu cha Victoria kule Wellington, New Zealand, alichukua maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, sanaa, biashara, sheria na sayansi, yenye jumla ya maneno kama milioni 3.5, akatafuta yapi yanajirudia kwenye fani zote ukishatoa yale maneno 2,000 ya kawaida ya kila siku. Mwaka 2000 akatoa orodha ya familia za maneno 570 (familia ni neno pamoja na ndugu zake wa mzizi mmoja), inaitwa Academic Word List. Familia 570 tu, na zinabeba karibu asilimia 10 ya maneno yote ya maandishi ya kitaaluma! Yaani kwa wastani kila maneno kumi, moja limetoka humo. Imepangwa kwenye makundi kumi, kundi la kwanza ndo yanayotumika zaidi, na ni bure mtandaoni, unaenda steshenari unatoa kopi kurasa chache. Nikilinganisha na vile vijitabu vinavyouzwa stendi vya "maneno 1,000 magumu ya Kiingereza" naumia roho kabisa, maana humo unakuta maneno ya kumshangaza jirani ambayo kwenye andiko la chuo ukiyaweka msahihishaji anakukata. Msinunue vile vitu.

Alafu usikimbilie makundi yote. Anza na la kwanza. Utaona mengine unayajua, "data", "method", "process", usiringe, angalia kama unayajua kwa maana ya kitaaluma. "Significant" kwa mfano. Mtaani ni kitu kikubwa, cha maana. Kwenye makala ya takwimu mtu akikwambia tofauti ni "significant" hakwambii ni kubwa, anakwambia hesabu zinaonyesha ni vigumu tofauti ile kuwa imetokea kwa bahati tu, inaweza kuwa tofauti ndogo sana na bado ikaitwa hivyo. Nimewaona watu wa mwaka wa tatu wanaitumia ovyo kwenye risachi zao na wasimamizi wanawarudisha mara kwa mara bila kuwaambia kosa liko wapi.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba haya maneno yana uzito tofauti. Sisi kwa Kiswahili tukisema utafiti "unaonyesha" tumemaliza, iwe una uhakika iwe una wasiwasi. Kwa Kiingereza cha kitaaluma "suggest", "indicate", "demonstrate" na "prove" ni ngazi, kutoka kudokeza mpaka kuthibitisha kabisa, kila moja inasema mwandishi amesimama wapi, na ukipanda ngazi ambayo ushahidi wako haujafika unaonekana hujui sayansi. Rudi kwenye ile makala ya O'Reilly uone anavyotembea. Anaposema uzalishaji wa ziwa umeshuka kama asilimia 20 hasemi umeshuka, anasema kumbukumbu za mashapo (tope lililotuama chini ya ziwa) "suggest" kwamba "may have", yaani huenda, umeshuka, na samaki kupungua kama asilimia 30 anakuleta kwa "implying", yaani hilo hajalipima moja kwa moja, analitoa kwenye lile la kwanza. Siku nilipoliona hilo niliisoma aya moja saa nzima. Ni kama nilikuwa nasikia mtu anaongea nami kwa mara ya kwanza, najua hapa ana uhakika, hapa anachunga, hapa anabashiri. Toka hapo sikusoma tena makala kwa kubahatisha.

Sasa kukariri, maana najua ndo mnachosubiri.

Nilikata manila vipande vidogo, vinaenea kwenye kiganja, nikavihifadhi kwenye kopo tupu la Blue Band. Mbele neno, nyuma SENTENSI NZIMA niliyolikutia neno hilo, na chini yake maana kwa Kiswahili changu mwenyewe. Sentensi nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ukiandika neno na maana peke yake utalijua ukiliona, ila siku ya kuandika haliji, na likija linakuja vibaya. Likizo nikiwa Kibirizi namsaidia mama nafunga kadi chache kwenye pindo la kanga. Dagaa wakishamwagwa na kutandazwa kuna muda wa kusubiri jua lifanye kazi yake kabla ya kuwageuza, nakaa chini ya kibanda nafungua pindo, nasoma mbele, najibu, nageuza. Kadi zikawa na magamba na harufu, moja ya "constrain" mpaka leo ninayo, wino umekimbia pembeni kwa maji ya chumvi ya mikono yangu lakini sentensi inasomeka. Na siku za mbalamwezi, wenyeji mnajua, boti za dagaa hazitoki kwa sababu taa haziwavuti samaki mwezi ukiwaka, mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, kunapoa, hapo ndo nilikuwa napitia kopo zima.

Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alitoa kitabu cha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni alafu kasi inapungua. Maana yake kadi mpya iangalie leoleo, iangalie kesho, iache siku tatu, iache wiki, iache mwezi. Ukiikosa inarudi mwanzo. Usipitie kadi zote kila siku, utachoka na utaacha, wengi wanaachia hapo. Mwenye simu ya Android kuna programu ya Anki inafanya hesabu hiyo yenyewe, ni bure na ukishaipakua haili bando. Mimi nilibaki na manila yangu kwa sababu kuandika kwa mkono kulinisaidia kukumbuka, na simu mwaloni ni ya kuibiwa.

Alafu maneno yana marafiki zake. Kwa Kiswahili unapiga pasi, unapiga mswaki, unapiga picha, mgeni akikwambia "nafanya pasi" utamwelewa ila utajua huyu mgeni. Ndo sisi tunavyosikika kwenye Kiingereza tukitafsiri kichwani. Utafiti kwa Kiingereza cha kitaaluma "conduct", hitimisho "draw", tishio "pose", mchango "make". Kwaiyo kwenye kadi piga mstari chini ya neno na rafiki yake, yabebe yote mawili kwa pamoja. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili haitakupa hilo, tafuta kamusi ya wanaojifunza, ya Kiingereza kwa Kiingereza, za Oxford na Longman ziko bure mtandaoni, Longman inaeleza kila neno kwa kutumia maneno ya kawaida kama 2,000 tu kwaiyo hata mtoto wa kidato cha pili anaelewa, na mifano ya sentensi ipo ya kutosha.

Na familia. "Analyse", "analysis", "analytical", lichukue kabila zima siku hiyohiyo, usije ukaandika kitenzi pale panapotaka jina.

Miaka ya katikati naruka, ilikuwa ni kusoma tu, kula, bumu (hela ya mkopo wa chuo) kuchelewa, kusoma. Nikimaliza kusoma makala nachagua aya moja, nafunga karatasi, naiandika upya kwa kichwa changu, nafungua nalinganisha. Hii ndo iliyonijenga kuliko kadi zenyewe, nasema kweli kabisa. Kusoma kunakufanya ulitambue neno, kuandika kunakufanya ulimiliki. Watu wanakusanya maneno kwenye daftari zuri la kaunta, rangi tatu, rula, alafu mwaka unaisha hawajaandika hata aya moja. Mdogo wangu wa Tabora kama unanisoma, andika. Leo. Aya moja kuhusu mada ya baiolojia uliyosoma wiki hii, tumia maneno manne ya kundi la kwanza, usizidishe, manne yanatosha.

Ilipofika masters nikapata msimamizi mwingine kabisa, mama mmoja mpole, kila sura niliyompelekea alikuwa anazungushia duara dogo neno moja moja na kuandika pembeni "una uhakika kiasi gani?" Basi, swali hilo tu. Nikawa najiuliza kabla sijampelekea. Siku ya kutetea andiko profesa mmoja akanibana kwenye sentensi ya sura ya nne, kwa nini nimeandika "indicate" na sio "demonstrate" wakati matokeo yanaonekana mazuri. Nikamwambia sampuli zangu zimetoka msimu mmoja wa kiangazi, sina haki ya kusema zaidi ya hapo. Akatabasamu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilitamani yule lekcha wa mwaka wa kwanza awe amekaa kiti cha nyuma asikie. Wallahi nilitamani.

Wale mnaolenga skolashipu za nje, haya yote yanalipa pia kwenye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Kwenye mtihani wa kuandika, msamiati peke yake ni robo ya maksi, na insha ya pili inataka maneno yasiyopungua 250. Kwenye kusoma una maandishi matatu marefu, maswali 40, dakika 60, hakuna muda wa kutafsiri kichwani. Vyuo vingi vya Uingereza kwa masters vinataka alama 6.5 au 7. Na matokeo yanatambulika kwa miaka miwili tu, kwaiyo usikimbilie kulipia mtihani wakati hujui utaomba lini, ile ada ni kubwa, kuna familia inauza ng'ombe hapo. Jenga maneno kwanza mwaka mzima, mtihani uje mwishoni.

Sasa nina la kusema kwa wazazi na walimu, na nalisema bila kupindisha. Acheni kuwacheka watoto wakitamka. Mtoto wa Kasulu akitamka "hypothesis" kwa lafudhi ya Kiha neno ni lilelile, linafanya kazi ileile, msahihishaji wa andiko hasikii lafudhi. Nimewaona mabinti wenye akili kuliko mimi wameacha kunyoosha mkono darasani kwa sababu ya kicheko kimoja, wakaolewa, wakasahauliwa. Mwalimu wa baiolojia, wa jiografia, wa historia, unapokutana na "whereas" kwenye kitabu simama dakika mbili uwaeleze, usiseme hiyo ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza, kwa sababu yeye anafundisha hadithi na sarufi na hatakuja kuigusa. Dakika mbili tu kwa kipindi! Na nyie wanafunzi msisubiri mwalimu aamke, lugha hii ndo mlango wa masomo yenu mpaka mwisho, na hakuna mtu atakayewafungulia akiwa amelala.

Kwa walioko Kigoma mjini, Jumamosi saa kumi jioni tunakutana barazani kwa mama hapa Kibirizi, vijana wa fomu faivu na siksi na wachache wa vyuo. Ada hakuna. Tunasoma ukurasa mmoja wa makala pamoja, tunapigia mstari maneno ya katikati, alafu kila mtu anasoma aya aliyoiandika mwenyewe wiki hiyo na wenzake wanamuuliza ana uhakika kiasi gani. Uje na kalamu, manila yako na aya yako. Aliyekuja bila aya anakaa pembeni anaiandika kwanza, akimaliza ndo anaingia.